Je, Mchoraji Alipe Ili Picha Yake Itundikwe?

Muhula uliopita, siku ya kufunga shule, mzee mmoja alinikuta katika chumba cha michoro nikifungia rangi kabatini. Baada ya kuamkiana akatoa mfukoni mwa koti karatasi iliyokunjwa mara nne. Mwanawe yuko Kidato cha Nne, naye ni mmoja wa wale ambao picha zao mmeziona ukutani mwa bwalo. Karatasi ile ilikuwa barua iliyotoka nyumba moja ya picha huko mjini. Ilimsifu kijana kwa maneno mengi matamu. Ilisema kwamba kazi yake imechaguliwa, na kwamba picha zake 3 zitatundikwa kwa majuma 2 mbele ya wageni wa heshima. Chini kabisa, baada ya salamu, iliandikwa kwamba mshiriki atalipa shilingi 150,000 kabla ya maonyesho, na kwamba fedha hizo hazirudishwi.

Mzee akaniuliza, "Mwalimu, mimi nalima korosho. Nikizipeleka chamani, chama hukata ushuru wake, lakini hukata baada ya mnada, zikiisha kuuzwa. Hawa mbona wanakata kabla?"

Nilicheka, maana swali lake lilikuwa zuri kuliko majibu yote niliyokuwa nayo. Nikamwambia, "Mzee, niachie barua hii, nami nitakuandikia." Haya yafuatayo ndiyo niliyomwandikia. Nimeyaongeza kidogo kwa ajili ya wasomaji wa gazeti letu, kwa sababu kijana yule si wa peke yake. Siku hizi barua za namna hii huja hata kwa simu, na baadhi yenu mtazipata mkiisha kutoka hapa.

Yafaa kwanza tujue nyumba ya picha ni kitu gani, maana wengi wetu hatujaingia hata moja. Ni duka, ijapokuwa wenyewe hawapendi kuliita duka. Kuta zake zimepakwa chokaa nyeupe, taa zimeelekezwa juu ya picha, na mwenye nyumba anawajua watu wenye fedha wapendao michoro. Kwa desturi ya zamani mchoraji huleta picha yake, nayo hukaa pale bila malipo. Ikiuzwa, wawili hao hugawana fedha. Katika nchi za Ulaya na Marekani nyumba nyingi huchukua nusu nzima. Picha ikiuzwa shilingi 200,000, mchoraji hupata 100,000 na mwenye nyumba 100,000.

Watu husikia nusu wakashangaa, wakasema huo ni unyang'anyi. Nami nilisema hivyo zamani. Lakini tazameni vizuri. Picha isipouzwa mwenye nyumba hapati hata senti moja, naye amekwisha kulipa kodi ya nyumba, umeme, mlinzi, na chai ya wageni. Kwa hiyo hana budi kuhangaika. Huwapigia wateja simu, huwaandikia, huwaeleza habari za mchoraji, huipeleka picha nyumbani kwa tajiri aitazame juu ya ukuta wake mwenyewe. Tena huchagua kwa uangalifu ni nani wa kumtundika, kwa sababu ukuta uliobeba picha zisizouzika ni ukuta unaomla yeye.

Sasa chukueni barua ya yule mzee mkaifanyie hesabu. Tuseme wachoraji 20 wamealikwa, na kila mmoja ametoa 150,000. Jumla ni shilingi 3,000,000, nazo zimekwisha ingia kabla mlango haujafunguliwa. Tuseme tena kwamba kodi ya majuma 2, chai, na karatasi za mwaliko ni shilingi 2,000,000. Mwenye nyumba amepata faida ya milioni moja, na hakuna picha hata moja iliyouzwa. Mvua ikinyesha siku ya ufunguzi na watu wasije, yeye hana hasara. Ana sababu gani ya kutafuta wanunuzi? Mteja wake sasa ni mchoraji mwenyewe, na biashara yake ni kutafuta wachoraji wengine 20 wa mwezi ujao. Ndiyo maana barua zake ni tamu.

Na lile neno "imechaguliwa" limechaguliwa kwa kipimo gani? Kama wote wenye fedha huchaguliwa, basi kuchaguliwa huko hakusemi lolote juu ya picha.

Haya sikuyasoma kitabuni tu. Nilipokuwa kijana, mwaka wa pili wa kazi ya ualimu, nami nilipata mwaliko wa namna hiyo. Nililipa karibu mshahara wa mwezi mzima, na sehemu yake nilimkopa mama yangu, ambaye hakuuliza ni ya nini. Nilifika na picha 4 zimefungwa katika shuka. Mbili zilitundikwa katika ujia uendao jikoni, na mbili zilibaki zimeegemezwa ukutani kwa kuwa misumari imekwisha. Siku ya ufunguzi tulikuwa watu wengi kweli, lakini nilipowauliza mmoja mmoja nikaona kwamba karibu wote ni wachoraji wenzangu na ndugu zao. Mwenye nyumba hakuniuliza bei ya picha zangu mpaka maonyesho yakafungwa. Nilirudi na picha zote 4 na cheti kizuri chenye mhuri. Deni la mama nililimaliza baada ya miezi mitano. Nyumba hiyo siitaji, na kwa hakika imekwisha fungwa.

Lakini nisingependa msomaji afikiri kwamba kila mchoraji atoaye fedha ili kazi yake ionekane ni mjinga. Baadhi ya picha zinazopendwa sana duniani hivi leo zilitundikwa mara ya kwanza kwa fedha za wachoraji wenyewe. Habari hiyo ni ya Paris, mji mkuu wa Ufaransa, nayo inafaa kuelezwa kwa urefu.

Karne ya 19 Paris ilikuwa na maonyesho makubwa ya picha yaliyosimamiwa na serikali, nayo yaliitwa Salon. Maelfu ya watu walikwenda kuyatazama. Palikuwa na kamati ya kuchagua, na mchoraji aliyekataliwa na kamati hiyo alikuwa kama mkulima aliyefungiwa soko, maana mahali pengine pa kuonekana palikuwa pachache mno. Mwaka 1863 waliokataliwa walikuwa wengi kiasi cha kupiga kelele, hata Mfalme Napoleon wa Tatu akaamuru picha zao zionyeshwe kando ili watu waamue wenyewe. Watu walikwenda, wakacheka.

Wako waliochoka kungoja kamati. Gustave Courbet, baada ya picha zake kubwa kukataliwa mwaka 1855, alijijengea banda lake mwenyewe karibu na maonyesho ya mataifa, akatoza kiingilio cha faranga 1. Watu hawakuja, akapunguza kiingilio mpaka nusu. Eugène Delacroix, mchoraji mkuu wa siku zile, aliingia kutazama akakaa humo peke yake karibu saa nzima. Mwaka 1867 Édouard Manet naye akajenga banda lake karibu na daraja la Alma, akatundika picha zipatazo 50. Manet alitoka katika nyumba yenye mali, nayo mali hiyo ilipungua kwa maelfu ya faranga. Ninyi mtaona mara moja kasoro ya njia hii: ni ya wenye baba tajiri.

Ndipo wenzao maskini zaidi walipofikiri njia nyingine. Mwezi wa Desemba 1873 wachoraji kadha wa kadha, akina Claude Monet, Auguste Renoir, Camille Pissarro, Edgar Degas, Alfred Sisley na Bibi Berthe Morisot, waliunda chama cha ushirika. Pissarro alileta pendekezo la kufuata kanuni za chama cha waoka mikate wa mji wa Pontoise, na Renoir, ambaye hakupenda kanuni nyingi, alilipinga. (Napenda sana kuwaza wachoraji wale wakibishana juu ya kanuni za waoka mikate.) Kila mwanachama alitoa ada ya faranga 60 kwa mwaka, naye aliweza kuilipa kidogo kidogo, faranga 5 kwa mwezi. Walipata vyumba vilivyokuwa vya mpiga picha aitwaye Nadar, katika njia kubwa ya Capucines, nambari 35. Tarehe 15 Aprili 1874 wakafungua milango. Palikuwa na kazi 165 za wachoraji wapatao 30. Kiingilio kilikuwa faranga 1. Ili pasiwe na ugomvi juu ya nani atundikwe mahali pazuri, walizipanga picha kwa ukubwa, kisha wakapiga kura.

Katika mwezi mmoja walikuja watazamaji wapatao 3,500. Mwandishi mmoja wa gazeti, Louis Leroy, aliwadhihaki kwa jina alilolitoa katika picha moja ya Monet, na jina hilo la dhihaka ndilo walilobaki nalo mpaka leo: Impressionists. Mauzo yalikuwa madogo. Sisley alipata faranga 1,000, Monet 200, Renoir 180, na Pissarro 130 tu. Mwezi wa Desemba mwaka uleule walikutana katika chumba cha kazi cha Renoir wakasomewa hesabu. Kila mwanachama alikuwa anadaiwa faranga 184 na nusu. Pissarro, basi, alikuwa anadaiwa zaidi ya alichouza. Walikubaliana kukivunja chama.

Msomaji huenda atasema: Mwalimu, hao nao walipoteza fedha kama ulivyopoteza wewe, tofauti iko wapi? Tofauti ninayoiona ni hii. Hesabu yao ilisomwa mbele yao wote. Ukuta ulikuwa wao, kura ilikuwa yao, na kanuni walizibishania wenyewe. Hasara ilipokuja waligawana, na hapakuwa na mtu aliyekaa pembeni akineemeka kwa hasara hiyo. Kisha walijifunza. Chama kilikufa, lakini maonyesho yao yakarudi tena na tena, yakawa 8 kufikia mwaka 1886. Mimi niliporudi na cheti changu sikujifunza hata nani aliitazama picha yangu.

Wala si wao wenyewe tu waliojiinua. Alikuwako mfanya biashara wa picha aitwaye Paul Durand-Ruel, aliyekutana na Monet na Pissarro huko London walikokimbilia wakati wa vita vya 1870. Huyu hakuwatoza chochote. Alinunua. Mwaka 1872 alimnunulia Manet picha 23 kwa mara moja, kwa faranga 35,000, wakati watu wengine walikuwa bado wanamcheka. Aliwapa wachoraji wake fedha za kula kabla picha hazijauzwa, naye mara kadha alikaribia kufilisika kwa ajili hiyo. Mwaka 1886 alizipeleka picha zao New York, na huko ndiko walikoanza kupata wanunuzi wa kweli. Mtu huyu alitajirika baadaye, nami simwonei wivu, kwa sababu alitia fedha zake mahali alipotia maneno yake.

Mwaka 1884 wachoraji wengine wa Paris walianzisha chama kingine kisicho na kamati ya kuchagua wala zawadi. Aliyelipa ada alitundika. Chama hicho kingalipo hata leo, na wengi waliokuja kuwa mashuhuri walipitia humo. Wamarekani waliiga mwaka 1917 huko New York. Mtu alitoa dola 1 ya kujiunga na dola 5 za mwaka, akaleta kazi yake, nazo kazi zilipangwa kwa alfabeti, herufi ya kuanzia ikichaguliwa kwa kura, ikatoka R. Palitundikwa kazi zipatazo 2,500. Hapo ndipo lilipotokea jambo la kuchekesha ambalo wenye elimu ya sanaa bado wanalijadili. Mtu aliyejiita R. Mutt alileta chombo cha chooni, kile cha kukojolea wanaume, akilipa ada yake kama kawaida. Wakuu wa chama walipiga kura wakakikataa, ijapokuwa walikuwa wametangaza kwamba hapana kazi itakayokataliwa. Marcel Duchamp, mmoja wa wakuu hao, alijiuzulu. Baadaye ikajulikana kwamba R. Mutt ni yeye. Mimi sijali sana kile chombo. Ninachokiona ni kwamba hata mahali ambapo ada ndiyo tiketi, mtu bado atakuja kuamua, na ni afadhali ijulikane mapema ni nani.

Yako pia malipo ya namna ya tatu, nayo ni kodi tu. Katika mtaa wa Ginza, mjini Tokyo, kwa miaka mingi zimekuwako nyumba ndogo za picha zinazokodishwa kwa juma. Mchoraji kijana hulipa kodi, hupewa ufunguo, hutundika mwenyewe, na mara nyingi hukaa mwenyewe kuwapokea wageni. Wajapani wenyewe hulalamika kwamba kodi ni kubwa na kwamba vijana wengi hushindwa. Lakini naona njia hiyo ni ya haki kuliko ile ya barua, kwa sababu mwenye nyumba hajasema uongo. Hakusema kwamba amekuchagua. Amesema ana chumba, na bei ya chumba ni hii. Anayekodi ukumbi kwa arusi hadanganywi kwamba mwenye ukumbi anampenda bibi arusi.

Turudi nyumbani. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alikuwa mtu wa kazi za mkono huko Dar es Salaam alipoanza kuchora mwaka 1968. Hakuwa na nyumba ya picha, wala hakualikwa na mtu. Alichora ndege na wanyama juu ya vibao vya mraba vya namna ya vile vya kufunikia dari, kwa rangi ya mafuta ing'aayo, ile ya kupakia baiskeli. Picha ziliuzwa nje, karibu na Morogoro Stores huko Oyster Bay, ambako wageni walikuja kununua vyakula. Ukuta wake ulikuwa kivuli cha mti, na gharama yake ilikuwa vibao na rangi. Alikufa mwaka 1972, akipigwa risasi na polisi waliomdhania mtu mwingine. Alikuwa amechora kwa miaka 4 tu.

Jamaa na wanafunzi wake hawakutawanyika. Waliendelea kuchora mahali palepale, na mwaka 1990 wakawa chama cha ushirika. Jina la Tingatinga sasa hujulikana Ulaya na Japani. Huko Changamwe, Mombasa, wachongaji wa Kikamba waliunda chama chao mwaka 1963, nacho kikakua hata kuwa na maelfu ya wanachama, kila mmoja akichonga na kupeleka vinyago vyake dukani mwa chama. Vyama hivi vina magomvi yake kama vyama vyote. Wazazi wenye korosho mnajua. Lakini mwanachama akiona mkato ni mkubwa, anaweza kusimama mkutanoni akauliza. Kwa mwenye barua tamu hakuna mkutano.

Nataka pia mjue kwamba liko swali la pili ambalo huku kwetu hatujalizoea: kwa nini nyumba isimlipe mchoraji? Kanada walifika huko. Katika miaka ya 1960 mchoraji Jack Chambers, wa mji uitwao London, lakini London ya Kanada, alichukizwa na jumba la taifa la picha lililotaka kuchapa nakala za kazi za wachoraji bila kuwalipa. Mwaka 1968 yeye na wenzake walianzisha chama cha kuwatetea. Hoja yao ilikuwa nyepesi. Katika jumba kama lile mlinzi hulipwa, mfagiaji hulipwa, mwenye kuchapa kadi hulipwa, na mkurugenzi hulipwa vizuri. Kwa nini aliyeleta kitu ambacho watu wamekuja kukitazama awe peke yake asiyelipwa? Walibishana miaka 20. Mwaka 1988 sheria ya Kanada ilibadilishwa, na tangu hapo mchoraji ana haki ya malipo kazi yake ionyeshwapo mbele ya watu katika maonyesho yasiyo ya kuuza. Katika mwaka 2014 Mahakama Kuu ya nchi ile ilikuwa bado inaamua kesi ya wachoraji na jumba lilelile la taifa, nayo iliwapa wachoraji ushindi.

Sisemi kwamba halmashauri yetu ya wilaya iwalipe vijana wa Kidato cha Nne. Nasema tu kwamba desturi ya mchoraji kulipa haikushuka kutoka mbinguni.

Sasa nieleze tulivyofanya na ile barua. Niliijibu kwa jina la shule, nikauliza mambo machache kwa adabu. Katika maonyesho yao yaliyopita ziliuzwa picha ngapi? Picha ya kijana ikiuzwa, watachukua sehemu gani juu ya zile 150,000? Ikiharibika mikononi mwao, nani atalipa? Je, yuko mchoraji mmoja aliyeonyesha kwao mwaka jana ambaye naweza kuzungumza naye? Jibu lilikuja upesi. Lilisema nafasi zimebaki 2 tu, na mwisho wa kulipa ni Ijumaa. Juu ya maswali yangu hapakuwa na neno.

Nilimwandikia mzee kwamba kwa maoni yangu asilipe, na kwamba fedha hiyo ingenunua rangi, brashi na vibao vya mwaka mzima. Naye akakubali.

Kijana hakufurahi. Alikuja chumbani kwangu siku ya kwanza ya muhula, akaniamkia, akasimama mlangoni muda mrefu. Kisha akasema, "Mwalimu, wewe uliwahi kutundikwa mjini, hata kama ni jikoni. Mimi nisipolipa, nitajulikana lini?" Nilitaka kumkemea, lakini nikaona ana haki ya kuuliza. Ni kweli kwamba mtu wa mbali, asiyejua mtu mjini, ana milango michache, na aliye maskini ana michache zaidi. Nilimwambia kwamba cheti changu hakikunifungulia hata mmoja, naye akanitazama kama mtu asiyesadiki. Pengine angesadiki kama angepoteza fedha zake mwenyewe, lakini zile zilikuwa za korosho za baba yake.

Tuliendelea kuzungumza hata kengele ya chakula ikalia. Yeye ndiye aliyetoa shauri la kufanya kama wale wa Paris, ambao nilikuwa nimemweleza habari zao. Aliuliza waoka mikate walikuwa na kanuni ngapi. Sikujua.

Basi Chama cha Michoro kina wanachama 14, na kila mmoja ametoa shilingi 2,000. Jumla 28,000 zimenunua kamba, misumari na karatasi za kuandikia majina, na daftari la hesabu liko juu ya meza yangu. Mzazi au mwanafunzi yeyote anaweza kulifungua. Picha zitakazouzwa, chama kitachukua sehemu moja katika kumi baada ya kuuza. Nafasi za ukutani zilipigiwa kura Jumamosi iliyopita. Kijana wetu aliangukia pembe ya giza karibu na mlango wa jiko, akataka kura irudiwe, wenzake wakakataa, nami nikanyamaza. Amekwisha omba taa kwa fundi wa shule.

Maonyesho yatakuwa bwaloni Siku ya Wazazi, tangu saa 4 asubuhi mpaka saa 10 jioni. Bei zimeandikwa chini ya kila picha, isipokuwa picha moja ya ghala la korosho, ambayo mwenyewe amesema haiuzwi.